Mwaka Skauti Walipojenga Nyumba ya Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kituoni Kwa Mathias nikingoja basi la kunirudisha mjini, mkono mmoja umeshika mfuko wa machungwa na mwingine kuku aliyefungwa miguu, zawadi ya shemeji yangu wa Mkuza. Wakapita watoto wa skauti. Walijipanga mistari miwili, skafu shingoni, na kijana mwenye filimbi akasimamisha malori na bodaboda ili wenzake wavuke Barabara ya Morogoro. Mama mmoja pembeni yangu akasema, "Wanapendeza, eti?" Nikamjibu ndiyo, wanapendeza. Kisha nikageukia dukani kama mtu anayetafuta soda, maana machozi yalikwishafika kwenye kope. Mtu mzima kama mimi, mwenye wajukuu, kulia kituoni na kuku mkononi!

Ngoja nikueleze. Ukisikia utanielewa.

Sisi tulizaliwa upande wa bondeni, ukitoka Mlandizi unashuka kuelekea mto Ruvu, kwenye kitongoji ambacho leo ukikitaja vijana wanakutazama tu. Wazee wetu walikuwa wakulima. Mpunga ulikuwa bondeni, mihogo na mikorosho juu kwenye mchanga, minazi ikizunguka nyumba. Nyumba zenyewe zilikaa mbalimbali; ukitumwa kwa jirani ungeweza kuanza muwa mlangoni kwenu na kuumaliza kabla hujapiga hodi kwake. Ijumaa watu walikutana msikitini. Msimu wa korosho walikutana kwenye ghala la ushirika, ambako baba yangu alikuwa karani. Sisi watoto tulikutana shuleni, na shuleni ndiko alikotukuta Mwalimu.

Alikuwa anafundisha darasa la nne. Kwao kulikuwa Kisarawe, juu milimani. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja kama bibi harusi. Yeye ndiye aliyeanzisha kikundi cha skauti, na kazi ile hakulipwa hata kwa muhogo. Jambo hilo ndilo lililowatia watu shaka. Jirani yetu, fundi cherehani, alisema mbele ya kila mteja, "Mtu wa serikali afanye kazi Jumamosi bure? Huyu ana lake." Mwalimu alisikia, lakini hakuacha. Alipita nyumba kwa nyumba, jioni baada ya jioni, kuwaomba wazazi watoto wao, na nyumba aliyofukuzwa leo aliirudia wiki iliyofuata na salamu zilezile.

Kwetu alimkuta bibi yangu, mama mzazi wa baba, ameketi uani anasuka ukili. Akamwamkia, akakaa chini kwenye jamvi bila kungoja kigoda.

"Na wasichana unawatakia nini?" Bibi akamuuliza.

"Wajifunze kama wavulana, mama. Kufunga jeraha, kuwasha moto penye unyevu, kuogelea, kuongoza wenzao."

Ukili ukasimama mikononi mwa Bibi. Mto Ruvu ulikuwa umemchukua mdogo wake walipokuwa watoto, na habari hiyo Mwalimu hakuijua. Halafu akasema, "Mchukue. Mfundishe kuogelea kwanza, hayo mengine baadaye. Na awe hapa kabla ya adhana ya magharibi." Tangu siku hiyo sijui Jumamosi hata moja ambayo adhana ilinikuta njiani.

Kikundi kilipokua, Mwalimu akaunda kamati ya wazazi, maana alisema watoto wa watu hawaongozwi na mtu mmoja. Mwalimu Mkuu akawa mwenyekiti. Baba yangu, kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, akawa katibu. Yule fundi cherehani mwenye maneno, naye akaingizwa, na kuanzia hapo maneno yakageuka kuwa kazi: alitushonea skafu kwa vipande vya kitambaa cha marekani, tukazichemsha kwenye maji ya magome mpaka zikawa na rangi ya chai kavu. Ukitokwa jasho, rangi ilishuka shingoni. Tulirudi nyumbani na shingo za kahawia, na tulijivunia sana shingo zile.

Nikikumbuka Jumamosi hizo nasikia kwanza ile ngoma ndogo, halafu harufu ya moto wa kuni mbichi. Tulipika wenyewe: bada, ule ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na siku ya bahati kambale aliyetoka mtoni akiwa bado anapiga mkia. Tulifunga mafundo mpaka tukaota mafundo. Tulisalimiana kwa mkono wa kushoto, kama skauti wote, kwa sababu ndio ulio karibu na moyo. Bibi hilo lilimkera. "Mkono wa chooni!" alisema. "Huyo Mwalimu ana akili zake, lakini hapo amepotea." Mara moja kila mwaka tulikwenda kambi Kisarawe, na huko ndiko nilikojua baridi. Asubuhi ukungu ulishuka kwenye mikorosho, ukitoa sauti unaona pumzi yako, na mama yake Mwalimu alituletea uji wa moto na mafenesi yaliyoiva, mikono yetu yote ikanata ulimbo hadi tunacheka. Huko Mwalimu alikuwa akitubebesha mizigo ya kuni kwa ajili ya wazee wa jirani zake, na neno lake lilikuwa moja. "Mzigo wa mwenzio ubebe kama una mayai."

Halafu ukaja mwaka wa kuhamia vijijini, serikali ilipoagiza watu waache nyumba zao za mbalimbali wakakae pamoja.

Mtu asikudanganye kwamba Mwalimu aliupinga ule mwaka. Aliuamini kuliko wengi. Alitufundisha nyimbo zake. Alitueleza ubaoni jinsi watu wakikaa pamoja kando ya barabara watakavyopata zahanati, bomba la maji, shule isiyovuja. Mwenyewe alikuwa amemzika mtoto wake mchanga kwa sababu zahanati ilikuwa mbali, na alipolitaja neno "zahanati" alilitamka polepole. Kwa hiyo Katibu Kata alipokuja kuomba skauti wasaidie kuhamisha watu, Mwalimu alikubali palepale. Katibu alikuwa kijana wa kutoka mbali, mwenye baiskeli mpya na sauti ya mkutanoni hata akiomba maji. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kunipakia kwenye baiskeli ile nilipojikata mguu, akanipeleka hadi nyumbani. Lakini alikuwa na wakubwa wake waliotaka kusikia kwamba kazi imekwisha.

Tukaanza kwa furaha. Tulibeba vinu, vitanda vya kamba, mitungi, kuku kwenye matenga. Mzee mmoja asiyeona tulimbeba juu ya kiti, tukipokezana, naye njia nzima anatuuliza tumefika mti gani, tumepita kaburi la nani. Tulipomfikisha kwenye kiwanja chake kipya, uwanja mtupu wenye visiki, akauliza, "Mbona hapa hapana harufu?" 

Tuliporudi kuchukua mizigo mingine, ndipo tulipoona. Nyuma yetu mgambo walikuwa wakiezua mapaa ili watu wasirudi. Nyumba kama mbili tatu zilikuwa zinatoa moshi. Jioni ile Mwalimu hakuanzisha wimbo, na sisi hatukuuanzisha.

Baba alikuwa amehama mapema, kwa sababu karani wa ushirika alitakiwa kuonyesha mfano. Akaondoka na mama na wadogo zangu. Bibi akagoma. Mpunga wake ulikuwa ndio kwanza unabeba, mume wake alikuwa amelala chini ya minazi ya uani, na zaidi ya hayo Bibi hakupenda kuambiwa ondoka. Mimi nikaachwa nikae naye, mkubwa wa wajukuu, nimchotee maji na kusoma dalili za hasira yake. Baba alikuja kumbembeleza kila jioni. Alikuja, akabembeleza, akaondoka ameinamisha kichwa.

Sasa fikiria asubuhi ile. Nimevaa skafu yangu, nimepangwa mstari wa mbele pamoja na wenzangu, na nyumba tuliyosimamishwa mbele yake ni ya bibi yangu. Mimi nilikuwa nimetoka ndani ya nyumba hiyohiyo muda mfupi uliopita. Uji wake ulikuwa bado uko tumboni mwangu. Katibu alisimama na mgambo wawili. Bibi alikuwa mlangoni, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, mchi mkononi kwa sababu alikuwa anatwanga.

"Bibi, leo ni siku yako," Katibu akasema. "Vijana wako hawa hapa, watakubebea kila kitu."

"Baba," Bibi akamjibu taratibu, "mwaka wa mafuriko mto ulinihamisha kutoka kule chini. Haukuniuliza, nami sikuulaumu, maana mto hauna masikio. Wewe unayo. Nakuomba nivune mpunga wangu, kisha nitakuja kwa miguu yangu."

Katibu alitazama juu, alitazama saa, akatutazama sisi. Nadhani alitaka kukubali. Lakini mgambo walikuwa wanasikiliza, na majirani wachache waliosalia walikuwa wanasikiliza. "Muda huo haupo," akasema. Akamgeukia Mwalimu. "Ndugu Mwalimu, waambie vijana wapande waezue. Watoto wake wenyewe wakiezua hatakuwa na ubishi."

Kiongozi wa kikosi chetu, mvulana mkubwa wa darasa la saba, alinitazama kwa pembe ya jicho. Bibi naye alinitazama mimi, si Katibu. Hakunilaumu kwa macho. Alikuwa anangoja tu kuona.

Mwalimu akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, "Skauti, kaeni chini."

Tukakaa. Wote, wavulana kwa wasichana, kwenye mchanga wa uani uliofagiwa asubuhi ile na mkono wangu. Nikasikia jogoo anakwaruza nyuma ya jiko.

"Unawafundisha watoto uasi, Ndugu Mwalimu?"

"Nawafundisha kubeba mizigo, Ndugu Katibu. Mama akisema tubebe, tutabeba mpaka kinu. Kubomoa sikuwafundisha."

Katibu alikunja uso, akachukua baiskeli yake. Alisema atarudi na mgambo wa kutosha na kwamba maneno haya yatafika yanakostahili kufika. Alipoondoka, Bibi aliuachia mchi ukaanguka. 

Mwalimu akamsogelea. "Mama, sitakudanganya. Siwezi kuwazuia. Watarudi. Ninachoweza ni wakirudi wakute una pa kwenda."

"Na mpunga wangu?"

"Tutauamia, tutafukuza ndege mpaka uuvune."

"Nyinyi? Hawa watoto?"

"Sisi," akasema Mwalimu, na akafunika mdomo kwa kiganja, ingawa hakuwa anacheka.

Basi tukaanza kujenga, kwenye kiwanja alichopewa Bibi kule kijiji kipya. Kila jioni baada ya masomo, na Jumamosi kutwa. Wavulana walikata nguzo na fito porini. Sisi tulichuna magome ya kamba, tukasuka makuti, tukafunga kila fito kwa mafundo yetu ya skauti. Fundi cherehani, mjumbe wa kamati, alikuja kucheka kwamba nyumba imeinama kama mlevi, akavua shati, akabaki kutusaidia hadi jua likazama. Baba alikuja akiwa na panga. Alifanya kazi bila kusema na mtu, akachimba mashimo ya nguzo kwa hasira, kama anatafuta kitu chini.

Kuta hazijakandikwa bado, mgambo wakarudi.

Ilikuwa asubuhi. Bibi alikuwa anapika uji. Hakugombana nao. Aliomba jambo moja tu, waache ateremshe chungu kwanza jikoni. Wakamngoja. Alipotoka nacho nje, wakapanda. Mmoja wao alikuwa kijana wa kwetu, mtoto wa jirani, aliyekula uani kwa Bibi tangu anatambaa. Alikuwa juu kabisa, amekalia boriti, makuti mkononi, na nadhani alishindwa kukaa pale bila kusema neno, kwa sababu ghafla akaita kutoka juu, "Shikamoo, Bibi."

Bibi akainua uso. "Marahaba, mwanangu. Angalia usianguke, hilo boriti upande wa kulia limeoza."

Kijana yule alianza kulia hukohuko juu. Aliendelea kuezua huku analia. Nimeishi miaka mingi, nimeona misiba, lakini kilio kile cha mtu anayeendelea na kazi sijakisahau.

Tukahamia kwenye nyumba isiyo na kuta. Mvua ya kwanza ilitukuta ndani tukiwa tumejifunika majamvi, Bibi akisoma dua na mimi nikihesabu matone yanayoingia. Kesho yake kikundi chote cha skauti kilikuja kukanda udongo. Tulicheza ndani ya tope kwa miguu hadi magotini, tukakandika kwa viganja, na kwa siku kadhaa ukipita mkono ukutani ungeweza kukuta alama ya kiganja cha rafiki yako. Bibi aliingia, akagonga ukuta kwa kidole, akasema, "Imeinama, lakini imeinama upande wa kibla. Si haba."

Ahadi ya mpunga nayo ikatimizwa. Tulijenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, bondeni na tukaenda kwa zamu kufukuza ndege. Tulipiga kelele, tulitupa udongo kwa teo, kombeo la kamba, tuligonga madebe. Hatukuamia wa Bibi peke yake. Kando yake kulikuwa na majaruba ya watu wengi waliohamishwa kabla ya kuvuna, nayo tukayachukua kadiri kelele zetu zilivyofika. Zisikofika, ndege na nguruwe walimaliza, na mwaka ule nyumba nyingi zilikula muhogo mkavu peke yake. Mpunga wa Bibi ulipokaribia kukomaa alitutwangia pepeta, ule mchele mbichi uliokaangwa na kupondwa ukawa bapa, ukanukia nazi na moshi. Tulikula tukiwa tumekaa juu ya dungu, miguu inaning'inia. Nikikwambia sijala kitu kitamu kama kile, usifikiri ni maneno ya uzee.

Lakini habari zilikuwa zimekwishafika zinakostahili kufika. Ikasemwa kwamba skauti wanawavuta watu warudi mahameni, walikohamishwa. Ikasemwa kwamba mwalimu wao aliwakalisha watoto chini mbele ya kiongozi. Ukaitishwa mkutano wa kamati ya wazazi, alasiri moja, darasani kwetu.

Mimi na wenzangu tulikuwa nje, tumepanda tofali chini ya dirisha. Katibu alikaa meza ya mwalimu. Mwalimu Mkuu, mwenyekiti wetu, alisimama akaongea akitazama ukuta wa nyuma. Alisema skauti ni kitu cha wakoloni, kilichokuja na malkia wao. Kwamba nchi huru ina utaratibu wake kwa vijana wake. Kwamba watoto wote wataingia humo na kikundi hiki kifungwe. Alizungumza vizuri. Mtu ambaye hakuwepo siku zile angeona amesema kweli tupu, na baadhi ya hayo yalikuwa kweli.

"Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mkono wa Mwalimu Mkuu ukawa wa kwanza. Kisha mzazi mmoja, kisha mwingine. Fundi cherehani aliinua wake hadi usawa wa sikio, kama mtu anayejikuna. Akabaki baba. Nilimwona mgongo wake tu, na shati lake la kazini ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa asubuhi. Nikasema moyoni, baba hatainua. Ni mama yake. Ni nyumba ya mama yake tuliyoijenga.

Baba akainua mkono. Aliunyoosha wote, juu kabisa.

Katibu akamuuliza Mwalimu kama ana neno. Mwalimu akasimama. "Ninalo moja, Ndugu Katibu. Naomba watoto wasiambiwe kwamba walikosea." Akakaa. Jumatatu yake, tulipokuwa mstarini, tukaambiwa tuvue skafu tuziweke kwenye tenga. Hatukuambiwa tulikosea. Hatukuambiwa lolote.

Jioni ya ule mkutano baba alikuja kwa Bibi na samaki aliyefungwa kwenye jani. Bibi alikuwa amekwishasikia. Kijijini maneno hayangoji miguu. Akampokea samaki, akamtengeneza, akampika kwa nazi, akamwekea mwanawe chakula kama siku zote. Ila alipomnawisha alimshika mkono ule wa kulia, akaugeuza akautazama.

"Ulipoanguka mkoroshoni ukavunjika mkono huu," akasema, "niliukanda mimi kwa mafuta ya nazi, asubuhi na jioni, mpaka ukanyooka."

Baba alikula matonge machache, akanawa, akaaga. Na tangu siku hiyo Bibi hakumruhusu kugusa paa la nyumba ile. Likivuja alisema, "Liacheni, watakuja wenye nyumba." Na kweli walikuja wale watoto, bila skafu, bila ngoma, bila kutumwa na yeyote, wakapanda wakaziba. Baba alisimama chini akiwapokeza makuti. Mengine yote mama yake alimruhusu: alimlisha, alimpeleka hospitali, alimvalisha sikukuu. Paa tu.

Mwalimu alihamishiwa kusini, mbali. Siku aliyoondoka tulizuiwa kutoka darasani, kwa hiyo mimi sikumuaga. Bibi alikwenda. Alitembea mwenyewe hadi barabarani Mlandizi na mchele mpya amefunga kwenye kanga. Aliporudi aliketi jamvini, halafu akaanza kucheka polepole. "Alinipa mkono wa kushoto," akaniambia. "Mimi, mtu mzima wa kuswali, nipewe mkono wa kushoto hadharani." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nikaupokea."

Hatukupata habari zake tena, ila miaka mingi baadaye mtu wa Kisarawe aliniambia alifia hukohuko kusini, na kwamba shule ya mwisho aliyofundisha ilikuwa na bustani nzuri. Bibi alitangulia kabla yake, kwenye nyumba iliyoinama upande wa kibla. Watu walikuwa wamekwisharuhusiwa kurudi kulima bondeni, wengine walirejea kabisa. Nyumba yenyewe iliporomoka masika yaliyofuata, kama vile ilikuwa inamsubiri.

Baba aliishi sana. Uzee wake aliumaliza kwangu, mjini, na alipenda kukaa barazani akisikiliza redio kwa sauti ya chini. Siku moja, sijui kilichonisukuma, nikamuuliza. Nilikuwa nimebeba swali lile tangu juu ya tofali.

"Baba, kwa nini uliinua mkono?"

Alizima redio. Nilidhani atakasirika.

"Asubuhi ya mkutano Mwalimu alinipitia ghalani," akasema. "Akaniambia, kaka, leo watakutazama wewe. Mimi nitaondoka kwa vyovyote, hilo limekwisha. Ukiacha mkono chini utaondoka na wewe, na nani atabaki na mama? Inua. Inua vizuri, wasione unasitasita."

Barabarani muuza maji alikuwa anapita na mkokoteni wake, nakumbuka, na tulimsubiri apite kama vile tunaogopa asije akatusikia.

"Kwa nini hukumwambia Bibi? Miaka yote ile ya paa, Baba. Neno moja tu."

"Ningemwambia nini? Kwamba nilipewa ruhusa?" Alitazama kiganja chake, kilikuwa kimekauka kama gome. "Ruhusa alinipa. Lakini aliyeinua ni mimi, na wewe ulikuwa dirishani. Nilikuona nilipokuwa naingia."

Baba naye ametangulia. Mashamba yetu ya juu yamepimwa viwanja, na ukienda mbele kidogo kuelekea Kwala ni malori na makontena na kuta ndefu zenye walinzi vijana wanaokuuliza unamtafuta nani. Minazi ya uani kwetu imekatwa, na kaburi la babu nalikisia tu. Wale tuliokaa kwenye mchanga pamoja tumetawanyika. Wengine wamekufa, wengine tukikutana msibani tunashikana mikono ya kushoto, na watoto wetu wanaona aibu. Hayo yote nimeyazoea. Dunia huhama, hata isipohamishwa.

Nisichokizoea ni hiki kimoja. Najua neno ambalo lingemfanya bibi yangu amwite mwanawe apande akazibe paa, nalo limenifikia wakati hayupo wa kuambiwa. Siku nyingine nikiosha vyombo najikuta nimeanza kulisema, "Bibi, unajua, asubuhi ile Mwalimu alimpitia ghalani," kisha nanyamaza, maana ndani hamna mtu.